Kompyuta iliyouzwa bila kuachishwa kazi: kisa cha masasisho yaliyokosekana Ujiji

Mwalimu aliunakili ujumbe ule kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa ubaoni uliosimama wima, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini: kumetokea matatizo kwenye masasisho, kompyuta itajaribu tena baadaye, na ukiendelea kuuona ujumbe huu namba ifuatayo inaweza kukusaidia. Chini yake akaandika namba yenyewe, 0x8024402C, akaipigia mstari mara mbili. Mjukuu wake ndiye aliyeniletea karatasi hiyo bandani kwangu Mwanga, Kigoma mjini, Jumamosi moja ya Julai 2025. Naitaja mapema kwa sababu nusu ya jibu la kisa hiki ilikuwa imeandikwa pale tangu siku ya kwanza, nami nikaikunja nikaitia mfukoni bila kuisoma vizuri.

Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Kitongoni, Ujiji. Kompyuta yake ni ya mezani, mtumba, aliyoinunua mwaka 2022 kwa mfanyabiashara aliyechukua mzigo wa kompyuta zilizopigwa mnada na ofisi moja. Kichakata ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ni GB 4, na ndani kuna Windows 10 Pro toleo la 20H2. Kwa mashine ya umri huo bado ni imara. Mwalimu anaitumia kuchapa mitihani ya majaribio ya shule za jirani, barua za watu wa mtaani na katiba za vikoba. Intaneti anapata kwa hotspoti ya simu yake.

Malalamiko yalikuwa mawili, na kwa mtazamo wa nyumbani hayakuhusiana. Mjukuu alikuwa amemaliza kidato cha sita, anataka kujaza maombi ya chuo, na ukurasa wa maombi ulikataa kufunguka. Chrome ilisema muunganisho si salama. La pili lilimhusu Mwalimu mwenyewe. Flashi za walimu wanaomletea kazi zilikuwa zimejaa virusi vile vinavyoficha mafaili na kuacha vialama vya njia ya mkato mahali pake, na kompyuta haikuwa ikiviona. Alipofungua sehemu ya masasisho ili ajue kwa nini ulinzi umelala, ndipo akakutana na namba ile.

Walikuwa wamewapitia mafundi wawili kabla yangu. Wa kwanza alisema kifurushi ni kidogo, aongeze GB. Akaongeza, mara tatu, kwa pesa ya kiinua mgongo. Wa pili alitaka kupiga Windows upya. Mwalimu akamuuliza mitihani yake ya miaka mitatu itakwenda wapi, fundi akajibu kwamba watajaribu kuihamisha. Neno "kujaribu" halikumtosha, na namwunga mkono.

Saa ya mwaka 2013

Nilifika Ujiji kwa bajaji mchana wa siku ileile. Nilimkuta Mwalimu barazani anachambua mchele, nikamwamkia, akaniitikia "Marahaba, baba, karibu ndani, mgonjwa yuko mezani."

Kitu cha kwanza nilichokiona ni saa. Nje jua la saa nane linachoma, lakini pembeni chini ya skrini kompyuta inasoma saa sita na dakika kumi na moja usiku, tarehe 1 Januari 2013. Nilipomwonyesha, Mwalimu hakushangaa.

"Hiyo ndiyo tabia yake. Umeme ukikatika inarudi hukohuko. Nairekebisha nikikumbuka, leo sikukumbuka."

Kwa fundi hiyo ni dalili inayojieleza. Juu ya mazabodi, yaani bodi kuu, ya kila kompyuta ya mezani kuna betri bapa ya mviringo, aina ya CR2032, volti 3, ambayo kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati kompyuta haina umeme. Ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Nilifungua CPU kwa bisibisi, nikapuliza vumbi jekundu lililojaa kwenye feni, nikagusisha mita kwenye betri: volti 1.1. Imekufa kabisa. Nilitembea na betri mpya, kwa sababu hawa wagonjwa wa betri ni wengi mno huku, na fundi saa wa sokoni Mwanga huniuzia kwa bei ya kawaida.

Saa mbovu inazuia vipi intaneti? Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe mbili, ya kuanza kutumika na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2013 ikionyeshwa cheti kilichoanza 2025, inaona kimewahi mno kuletwa, na inakataa kuendelea. Inafanya hivyo kukulinda. Haiwezi kujua kwamba mwenye makosa ni yenyewe.

Nikabadilisha betri, nikaweka tarehe ya kweli, nikafungua ukurasa wa maombi ya chuo. Ukafunguka papo hapo. Kijana alipiga makofi, na mimi moyoni nikaanza kufunga begi.

Kisha nikabonyeza kitufe cha kutafuta masasisho. Ujumbe uleule, namba ileile.

Saa nzima niliyoipoteza

Sehemu hii nataka kuieleza kwa urefu, kwa sababu naamini mafundi wengi wenzangu tunapotea hapahapa.

Nilikuwa tayari nimepata hitilafu ya kweli na nimeiponya. Mtu akishapata ushindi mmoja huona kinachobaki ni mabaki ya tatizo lilelile, kwamba kompyuta bado haijazoea saa mpya, au mtandao ni dhaifu, au kuna takataka mahali fulani. Nikaizima na kuiwasha. Nikatoa hotspoti ya Mwalimu, nikaweka ya simu yangu, ambayo ni ya kampuni nyingine. Nikabadilisha DNS, yaani kitabu ambacho kompyuta hutafutia anwani za majina ya mtandaoni, kuwa 8.8.8.8. Nikasimamisha huduma ya masasisho, ile inayoitwa wuauserv, nikalibadilisha jina folda la SoftwareDistribution ili Windows itengeneze jipya, dawa ambayo utaiona kwenye karibu kila video ya mambo haya. Baada ya kila hatua nilibonyeza tena. Namba haikutikisika hata mara moja.

Ilikuwa hapo Mwalimu alipoleta chai na kuniuliza swali la kimwalimu kabisa: "Ile namba ina maana gani?"

Nilikuwa sijamjibu, wala sijajijibu. Nikatoa karatasi mfukoni, tukaisoma pamoja.

Namba hizi si nakshi. Kila moja inaeleza mahali safari ilipokwama. Kama saa mbovu ndiyo ingekuwa inazuia masasisho, namba ya kawaida ingekuwa 0x80072F8F, inayosema kwamba mazungumzo salama yamevunjika, na saa huwa mtuhumiwa wa kwanza. Kama huduma ya masasisho ingekuwa imezimwa, tungeona 0x80070422. Hiyo naiona sana kwenye kompyuta zilizopigwa Windows za kuiba, maana anayeziweka huzima masasisho makusudi ili ujanja wake usifichuke. Lakini karatasi ya Mwalimu ilisema 0x8024402C, na maana yake ni kwamba jina la seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, inayotafutwa halikupatikana. Safari ilikuwa imekwama kwenye kutafuta anwani. Kompyuta haikuwa imefika kwenye mlango wowote wa kuonyeshwa cheti, kwa hiyo saa, ingawa ilikuwa mbovu kweli, haikuwa imepata hata nafasi ya kuzuia masasisho.

Sasa, jina gani hilo lisilopatikana? Tovuti zote zinafunguka. Barua pepe inafunguka. Seva za Microsoft zinajulikana na kila DNS duniani. Kama kompyuta ingekuwa inaziulizia hizo, ingezipata kwa hotspoti yoyote kati ya zile mbili. Nilikuwa nimetumia saa nzima kuuliza kama kuna njia, na sikuwa nimeuliza kompyuta inakwenda kwa nani.

"Taasisi gani?"

Nikarudi kwenye ukurasa wa masasisho na safari hii nikausoma wote kwa utulivu. Juu kabisa, kwa herufi ndogo nyekundu, kulikuwa na mstari unaosema kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako. Nilikuwa nimeupita zaidi ya mara kumi. Mwalimu akavaa miwani, akausoma kwa sauti.

"Taasisi gani? Mimi nimestaafu."

Chini ya mstari ule kuna kiungo cha kuona sera zilizowekwa. Nikakifungua: sera tatu, zote zimewekwa na msimamizi ambaye hakuwa Mwalimu wala mjukuu wake. Nikafungua ukurasa wa taarifa za mfumo, na pale ambapo kompyuta ya nyumbani huandika WORKGROUP, hii iliandika jina la domeini, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa na seva moja kuu, ya ofisi iliyoiuza. Sitalitaja. Kisha nikaingia kwenye rejista ya Windows, daftari lake la ndani la mipangilio, kwenye njia ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate, na jibu lilikuwa limekaa pale kama bango. Kipengele kinachoitwa WUServer kilikuwa na anwani ya seva ya ndani ya ofisi ile, ikiishia na 8530. Kwenye kifolda cha chini yake, AU, kipengele cha UseWUServer kilikuwa na thamani ya 1, yaani "mtumie huyo". Na kulikuwa na cha tatu kinachokataza kabisa kompyuta kwenda kwa seva za Microsoft zilizo kwenye intaneti. Hicho cha tatu ndicho kilichoondoa kile kiungo kidogo cha kutafuta moja kwa moja mtandaoni, ambacho kingeweza kutuokoa mapema.

Kwa asiyefanya kazi ofisini, hivi ndivyo ilivyo. Ofisi yenye kompyuta 100 haitaki kila moja ishushe faili lilelile kutoka nje. Inaweka seva moja, inayoitwa WSUS, ambayo inashusha mara moja na kugawia nyingine. Msimamizi pia anapata nafasi ya kulijaribu sasisho kabla halijawafikia watumishi. Mlango wa kawaida wa seva hiyo ni namba 8530. Ni utaratibu mzuri, unaokoa pesa na muda. Kompyuta zote za ofisi huambiwa kwamba zikitaka sasisho zisiende kokote, zije hapa.

Kompyuta hii iliambiwa hivyo. Ikauzwa, ikapakiwa kwenye gari, ikafika Ujiji, na hakuna aliyeiambia kwamba kazi imekwisha. Kwa miaka mitatu, kila siku ilipowashwa, ilikuwa ikimwita mtu aliye kwenye jengo jingine katika mji mwingine, kwa jina ambalo halijulikani nje ya kuta za jengo lile. Ndiyo maana DNS ya 8.8.8.8 isingesaidia hata kidogo: jina la ndani la ofisi halimo kwenye kitabu cha dunia.

Halafu nikagundua jambo lililonifurahisha kwa namna ambayo fundi mwenzangu ataielewa. Nilifungua dirisha la amri nikaandika w32tm /query /source, amri ya kuuliza kompyuta inapata saa wapi. Ikajibu kwamba inategemea saa ya mazabodi tu. Kompyuta iliyo kwenye domeini haiendi kuuliza saa kwa time.windows.com kama zilivyo za nyumbani. Inamuuliza seva mkuu wa domeini yake. Asipopatikana, inabaki na saa yake mwenyewe, na ya huyu ilikuwa na betri mfu. Kwa hiyo malalamiko mawili ya Mwalimu yalikuwa na ukoo mmoja. Betri ilipoteza saa, lakini aliyetakiwa kuirudisha alikuwa yuleyule asiyeitika.

Kuiachisha kazi

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba Mwalimu risiti. Sikuwa namshuku. Alama nilizoziona ni zilezile ambazo ningeziona kwenye kompyuta iliyochukuliwa ofisini bila ruhusa, na mtu akikuletea mashine ya mwajiri wake iliyofungwa hivi, sera zile ni za mwajiri na huna haki ya kuzifuta. Mwalimu alitoa bahasha kabatini: risiti ya mfanyabiashara pamoja na nakala ya hati ya mnada yenye namba za mashine. Nikalinganisha na kibandiko nyuma ya CPU. Zilifanana.

Hatua ya pili ilikuwa akaunti. Hapa watu hujifungia nje. Ukiitoa kompyuta kwenye domeini, akaunti za domeini haziingii tena, na kama huna akaunti ya palepale kwenye mashine yenye mamlaka ya msimamizi, na neno lake la siri unalijua, utabaki unatazama mlango. Mfanyabiashara alikuwa amemtengenezea Mwalimu akaunti ya hapohapo, yenye mamlaka, bila neno la siri. Tukaiwekea neno la siri, nikatengeneza na ya pili ya akiba, nikatoka na kuingia kwa kila moja kuhakikisha. Halafu nikanakili folda la mitihani na nyaraka zote kwenye diski ya nje. Dakika 20 hizo sikuziona kuwa ndefu.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Nikaitoa kwenye domeini na kuiweka WORKGROUP, ikaomba kuwashwa upya, ikawashwa. Nikarudi kwenye rejista: kama nilivyotarajia, mipangilio ya WindowsUpdate ilikuwa bado ipo, maana hiyo haiondoki yenyewe kila mara. Nikahifadhi nakala ya ufunguo huo, yaani sehemu hiyo ya rejista, kwenye faili, kisha nikaufuta. Nikaangalia ufunguo wa jirani kama kuna masalio mengine ya ofisi, hapakuwa na la kuhofia. Kichupo cha saa ya intaneti, ambacho hakionekani kwenye kompyuta za domeini, sasa kilikuwa kimejitokeza. Nikaiunganisha na time.windows.com. Nikawasha upya mara ya pili.

Mwalimu ndiye aliyebonyeza. Vidoti vikakimbia kwa kitambo, kisha orodha ikaanza kushuka: orodha mpya ya virusi ya Defender (mlinzi wa Windows dhidi ya virusi), zana ya kuondoa programu hasidi, sasisho la .NET, na toleo la 22H2. Mstari mwekundu ulikuwa umeondoka. Hakusema kitu, alivua miwani na kuifuta kwa kanga.

Mtu ataniuliza kama kupiga Windows upya, alivyotaka fundi wa pili, kusingemaliza yote haya. Kungemaliza, kwa upande wa masasisho. Sitaki kumdhulumu mwenzangu. Domeini na sera zote zingefutika. Lakini betri ingebaki mfu, na umeme ukikatika tu mjukuu angerudi kwenye "muunganisho si salama". Mitihani ya Mwalimu ingekuwa kwenye hatari isiyo ya lazima. Na programu zake angezipata wapi tena, kwa GB ngapi? Kupiga upya ni dawa halali pale mfumo wenyewe umeoza. Mfumo huu ulikuwa mzima, ukitii amri ya zamani kwa uaminifu mkubwa.

Masasisho kwa kifurushi

Sasa tatizo likageuka upande wa pili. Kompyuta iliyokaa na njaa miaka mitatu imeachiwa sahani, na sahani ni kifurushi cha mstaafu. Kwa mazingira yetu fundi asiyefika hapa hajamaliza kazi.

Windows 10 ina mpangilio wa kuutambulisha mtandao fulani kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo. Modemu za laini ya simu hupewa alama hiyo zenyewe, lakini hotspoti inayokuja kama Wi-Fi haipewi, mpaka uiwashe kwa mkono. Ukiiwasha, masasisho mengi hayashuki yenyewe. Yanakusubiri uruhusu. Nikaiweka kwenye hotspoti ya Mwalimu. Nikazima pia ule mpango wa kugawana masasisho na kompyuta nyingine, ambao unaweza kutumia data yako kuwapelekea wengine mtandaoni. Kisha tukakubaliana kwamba kazi kubwa ifanyike kwa kifurushi cha usiku. Mjukuu alikesha usiku mbili mfululizo, simu imechomekwa chaji juu ya meza, akiruhusu shusho moja baada ya jingine na kuwasha upya kila ilipotakiwa. Orodha ya virusi tulianza nayo mchana uleule kwa sababu ni ndogo na ndiyo yenye haraka. Flashi ya kwanza iliyochomekwa baada ya hapo, Defender iliikamata kabla Mwalimu hajafungua faili.

Jumatatu asubuhi walinitumia picha ya skrini: 22H2. Kutoka 20H2 hadi hapo si safari kubwa kama inavyosikika, kwa sababu matoleo hayo yana kiini kimoja.

Nikamwomba Mwalimu afanye jaribio moja la mwisho. Azime kompyuta, achomoe waya ukutani usiku kucha, awashe asubuhi. Hata saa ya intaneti isingetosha peke yake bila betri nzima, kwa sababu Windows ya nyumbani ikikuta tofauti inayozidi saa 15 haijirekebishi yenyewe, na kurudi mwaka 2013 ni zaidi ya saa 15. Akanipigia simu saa moja asubuhi kuniambia kompyuta inasema saa moja asubuhi.

Oktoba

Nilimweleza mapema kwamba Microsoft ingeacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kichakata cha kizazi cha nne hakikubaliki kwenye Windows 11, inayotaka kuanzia kizazi cha nane kwa Intel, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kununua nyingine haikuwa ndani ya uwezo wake mwaka ule. Lakini kulikuwa na mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, mwaka mmoja zaidi. Ama ulipe dola 30, ama utumie pointi 1,000 za Microsoft, ama ukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft bila malipo.

Mpango huo una masharti mawili yaliyonifanya nishukuru kwamba hatukuishia kwenye betri. Kompyuta lazima iwe kwenye toleo la 22H2. Na isiwe kwenye domeini ya ofisi, kwani ofisi zina mpango wao wa kulipia. Kompyuta ya Mwalimu kama ilivyokuwa Julai ingekataliwa kwa yote mawili.

Nilirudi Kitongoni wiki ya kwanza ya Oktoba. Kiungo cha kujiandikisha kilikuwepo upande wa kulia wa ukurasa wa masasisho. Mwalimu alichagua njia ya akaunti, akaandika neno la siri kwenye daftari lake, akabonyeza hadi mwisho. Kompyuta ikaonyesha kwamba amesajiliwa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Akachukua ile karatasi ya kwanza, ambayo nilikuwa nimemrudishia, akaigeuza, akaandika tarehe hiyo nyuma yake kwa kalamu ileile ya bluu, akaipigia mstari mara mbili na kuibandika ukutani juu ya meza.